MTU SI KAMBA

LEO tunapenda kulizungumza jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona dogo, halistahiki kupewa nafasi katika safu hii. Nalo ni namna tunavyozisafirisha pikipiki nzito kwa gari, ama ndani ya pikapu, ama juu ya tela linalovutwa nyuma. Tunalizungumza kwa sababu jambo hilo dogo limekwisha kumvunja mguu kijana mmoja mbele ya macho yetu, na kwa sababu tunaamini kuwa lisipokemewa litakuja kuua.

Mmoja wetu alikuwa safarini akitoka Mkoani kwenda Chake Chake. Mbele yake ilikuwapo pikapu ya ofisi moja ya umma ambayo hatutaitaja, kwani shabaha yetu si kumfedhehesha mtu. Ndani ya pikapu hiyo ilisimamishwa pikipiki kubwa kwa stendi yake ya ubavuni, nayo imezungushiwa kamba ya usumba mara mbili kwenye usukani. Ukingoni mwa gari alikaa kijana, kibarua wa ofisi hiyo, ameukamata usukani wa pikipiki kwa mikono miwili. Tuliambiwa baadaye kwamba kabla ya kuondoka bandarini kijana huyo aliuliza kama haipatikani kamba nyingine. Mkubwa wake akamjibu, "Panda, baba, uishikilie. Hapa na Chake si mbali." Naye, kwa adabu ya mdogo mbele ya mkubwa, akaitikia, "Haya, mzee," akapanda.

Katika mteremko mmoja ng'ombe alikatisha njia. Dereva akafunga breki, kama ilivyompasa. Gari ikasimama, lakini pikipiki haikusimama. Ilikwenda mbele, stendi ikajikunja, pikipiki ikalala ubavu, na mguu wa kijana ukabanwa kati ya injini na ubavu wa gari. Watu wanne walihitajika kuiinua. Mkubwa aliyekuwa amekaa mbele pamoja na dereva alishuka, akasikitika, akasema maneno ambayo sote tumezoea kuyasema: "Ajali haina kinga."

Pikipiki ile ilikaguliwa siku hiyo hiyo, na taarifa ya uharibifu wake ikaandikwa na kutiwa sahihi. Kuhusu kijana, hatukuonyeshwa karatasi yoyote. Hilo ndilo lililotufanya tuishike kalamu.

Kwanza tuseme wazi kwamba lile halikuwa jambo lisilo na kinga. Methali ya wazee wetu ni kweli kwa yale yasiyoweza kuonwa kabla. Haikutungwa iwe kificho cha uzembe. Kwamba mzigo mzito usiofungwa utakwenda mbele gari inaposimama ghafla ni jambo linalojulikana kabla ya safari kuanza, kama inavyojulikana kwamba maji yatapwa na yatajaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Pikipiki ndogo za abiria tunazoziona kila siku huwa na uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi. Zile kubwa za msafara na za safari ndefu, zenye injini ya sentimita za ujazo 1000 na zaidi, aghalabu hufika kilo 250 na kuendelea, na Honda Gold Wing hupindukia kilo 350. Breki kali juu ya lami kavu huweza kuusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayokaribia sehemu saba katika kumi za uzito wake. Kwa hiyo pikipiki ya kilo 250 humsukuma anayeishikilia kama anayerushiwa kilo 175 kwa mara moja, yaani magunia matatu na nusu ya mchele ya kilo 50. Hakuna kijana, hata awe mchukuzi hodari wa bandarini, awezaye kuizuia nguvu hiyo kwa mikono huku amekaa ukingoni mwa gari inayokwenda. Aliyempandisha pale hakumpa kazi. Alimgeuza kamba, tena kamba isiyotosha.

Na desturi hii si ya ofisi moja. Tunaiona pikipiki inapoharibika shamba na kuletwa mjini kwa fundi. Tunaiona inaposhushwa melini Malindi, Mkoani au Wete, na mwenyewe akawa hana leseni au hana petroli ya kuiendesha hadi kwake. Pikapu huazimwa, kamba huokotwa, na vijana wawili wakaambiwa wakae nyuma. Safari nyingi humalizika salama, na usalama huo wa bahati ndio unaotudanganya.

Sisi ni watu wa visiwani. Elimu ya kufunga mzigo haikuletwa kwetu na magari. Nahodha wa jahazi hang'oi nanga mpaka shehena imepangwa na kufungwa, kwani anajua kuwa gunia moja linaloteleza kwenda upande mmoja huweza kulipindua jahazi zima. Na tuutazame mlingoti. Hausimami kwa sababu umeshikwa na baharia. Husimama kwa kamba zinazouvuta huku na huku kwa nguvu zilizolingana, zote zikielekea chini. Pikipiki ndani ya gari hutaka jambo hilo hilo.

Inatakiwa mikanda minne. Miwili ya mbele ivute kwenda mbele na chini, mmoja kulia na mmoja kushoto. Miwili ya nyuma ivute kwenda nyuma na chini, vivyo hivyo. Kila mkanda ushuke kwa mshazari, karibu nusu ya pembe mraba, si wima kabisa wala si kulala. Ile ya mbele isifungwe kwenye ncha za usukani, kwani usukani huzunguka na ncha zake hupinda. Ifungwe chini yake, pale uma wa mbele unapoungana na kiunzi cha pikipiki, na isibane nyaya wala mipira ya breki. Gurudumu la mbele liegemezwe kwenye kizuizi imara, na magurudumu yote mawili yatiwe kabari.

Stendi ya ubavuni ikunjwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Pikipiki iliyoegemea stendi hudunda juu ya springi zake kila gari inapopita shimo. Inapodunda kwenda chini mikanda hulegea, na mkanda uliolegea mara moja unaweza kuchomoka kulabu yake. Pikipiki isimame wima, mikanda ikazwe mpaka springi za mbele zibonyee kiasi cha theluthi hadi nusu ya mwendo wake. Zisibonyezwe mpaka mwisho, kwani huko ni kuziharibu. Baada ya kukaza, mtu aishike pikipiki na kuitikisa. Ikiwa gari nzima inatikisika pamoja nayo, imefungwa. Ikiwa inatikisika peke yake, kazi haijaisha.

Na mkanda wenyewe uwe mkanda. Kamba ya usumba ni fahari ya visiwa vyetu na ina kazi zake, lakini huvutika. Kamba ya katani huoza kwa unyevu. Kamba za plastiki zinazouzwa kila duka hudhoofishwa na jua, na sisi hatuna uhaba wa jua. Aidha, fundo lolote huipunguzia kamba nguvu, mara nyingine hata kuifikisha nusu ya nguvu zake za asili. Zile tepe za mpira wa tyubu ambazo mafundi wetu hufungia kila kitu zinafaa kwa kikapu nyuma ya baiskeli. Hazifai hapa, kwa sababu sifa yake ndiyo ila yake: hunyumbuka. Kinachotakiwa ni mkanda uliofumwa, wenye chombo cha kukazia na kibandiko kinachoeleza uzito unaohimilika, na kwa usalama tungependa kila mmoja uweze kuhimili peke yake uzito wote wa pikipiki. Kulabu zake zikaguliwe kutu mara kwa mara, maana chumvi ya bahari haichagui chuma. Mkanda uliochanika nyuzi utupwe. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na hapa kinachovunjika ni mguu wa mtu.

Kupandisha nako ni nusu ya hatari. Tuchukulie kuwa sakafu ya pikapu iko sentimita 80 kutoka ardhini. Anayetumia ubao wa mita moja na nusu kuipandisha pikipiki ya kilo 250 husukuma uzito ulio sawa na kilo 133. Akitumia ubao wa mita mbili na nusu, husukuma kilo 80 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayowaangusha watu pamoja na pikipiki zao. Ubao uwe mrefu, mpana, usioteleza, na ncha yake ya juu ifungwe kwenye gari isije ikateleza nyuma mzigo ungali katikati. Wawepo watu wasiopungua watatu, wawili wakiishika kulia na kushoto, mmoja akisukuma, wala asisimame mtu upande wa chini ambako itaangukia ikishindikana. Mfereji wa petroli, kama upo, ufungwe.

Kwa pikipiki zilizo nzito zaidi, tela lililo chini ni bora kuliko pikapu, kwa kuwa kupandisha huwa kwepesi na uzito hukaa karibu na ardhi. Lakini tela nalo lina sheria zake. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, tela huanza kuyumba kama mkia wa papa, na gari inayolivuta huyumba nalo. Ukikaa mbele mno, nyuma ya gari huinama na magurudumu yake ya mbele hupungukiwa na mshiko. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake iangukie kwenye kiungo cha kuvutia. Ikiwa tela na pikipiki pamoja ni kilo 400, basi kilo 40 ziangukie pale. Pikipiki isogezwe mbele kidogo ya ekseli mpaka kipimo hicho kipatikane, kisha ndipo ifungwe.

Kiungo chenyewe kichunguzwe. Tufe la chuma lililo nyuma ya gari na kikombe cha tela kinacholifunika lazima viwe vya kipimo kimoja. Yapo matufe ya milimita 50, na yapo mengine ya vipimo vya inchi yasiyofika milimita 48. Dogo likifunikwa na kikombe cha kubwa huonekana limeshika, kisha huchomoka kwenye tuta la kwanza. Ndiyo maana minyororo ya akiba hupitishwa kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili kiungo kikiachia mkono usianguke barabarani. Upepo wa matairi upimwe, na taa nyekundu za nyuma, za breki na za kuashiria kona ziwake. Tela lisilo na taa usiku kwenye barabara ya Nungwi au ya Konde ni jabali lililowekwa katikati ya njia.

Dereva naye anapaswa kujua kuwa gari yake imebadilika. Nishati ya mwendo haiongezeki kwa hesabu ya kawaida. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huzidi mara nne. Kwa hiyo aache nafasi kubwa mbele yake, ashuke vilima kwa gia ndogo, apinde kona kwa upana. Tela likianza kuyumba, asikanyage breki kwa nguvu wala asiongeze mafuta. Aachie mafuta polepole, aushike usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe. Na kabla hajamaliza kilomita kumi za mwanzo, asimame mahali salama aikaze mikanda tena, kwa kuwa mkanda mpya hulegea kidogo baada ya mitikisiko ya kwanza.

Liko jambo jingine ambalo hatuna budi kulikemea kwa nguvu zaidi. Ni kule kuifunga kamba pikipiki iliyoharibika na kuikokota nyuma ya gari huku mtu ameipanda. Chombo cha magurudumu mawili hukaa wima kwa uhuru wa usukani wake, na kamba huunyang'anya uhuru huo. Kamba ikistuka, usukani hugeuka. Gari ikisimama, mpandaji huigonga kwa nyuma. Pikipiki isiyoweza kwenda ipandishwe garini, au isubiri.

Tunafahamu kwamba wapo watakaosema visiwa vyetu ni vidogo na safari zetu ni fupi. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kilomita zipatazo 30 tu. Tunawajibu kwamba ng'ombe yule hakuuliza safari ni ya kilomita ngapi. Breki moja inatosha, na vilima vya Pemba vina kona zaidi ya moja. Wapo pia watakaosema vifaa ni ghali. Mikanda minne na ubao mrefu hununuliwa mara moja na hutumika miaka. Mguu uliovunjika hulipiwa na familia nzima kwa miezi, na kibarua asiyefanya kazi hana mshahara wa kumngojea.

Kwa hiyo basi, tunayo mapendekezo kwa wanaohusika. Kila ofisi ya umma yenye pikipiki nzito iwe na seti ya mikanda, kabari na ubao, viandikwe katika daftari la mali kama inavyoandikwa pikipiki yenyewe, na awepo mtu mmoja mwenye dhamana navyo. Mahali ambapo ofisi kadhaa ziko pamoja, ziwe na tela moja la kushirikiana. Hatuoni haja ya kuliagiza kutoka ng'ambo. Tunayo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume pale Mbweni, na tunavyo vituo vya mafunzo ya amali Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Vijana wanaofundishwa kuchomelea vyuma huko wanaweza kutengeneza tela zuri chini ya usimamizi wa walimu wao, kwa kipimo kimoja kwa visiwa vyote, ili tatizo la tufe na kikombe lisitokee. Bandarini pawekwe ubao imara na mikanda ya kukodi, ili mwananchi aliyeshusha pikipiki yake asilazimike kuokota kamba.

Ndugu zetu askari wa usalama barabarani tunawaomba waangalie nyuma ya gari kama wanavyoangalia leseni. Jambo hili si geni duniani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu mwendo wa barabarani, katika kifungu chake cha 30, unataka mzigo wa gari upangwe na kufungwa hata usihatarishe watu, usibururike wala usianguke njiani. Mtu aliyekaa juu ya mzigo kuushikilia ni ushahidi tosha kwamba haukufungwa. Gari ya namna hiyo isimamishwe, iwe ya mfanyabiashara au ya Serikali. Tunasisitiza ya Serikali, kwa sababu mwananchi hujifunza kwa kutazama.

Na kwa viongozi wa ofisi tunasema hivi. Kijana akiambiwa na mkubwa wake apande, atapanda. Adabu yetu ya visiwani haimruhusu kubishana, na tumbo lake halimruhusu kukataa. Kwa hiyo dhamana yote ni ya yule anayetoa amri. Haitoshi kusema kijana alikubali. Itolewe amri ya maandishi katika kila idara kwamba hakuna mtumishi wala kibarua atakayepandishwa nyuma ya gari kushikilia mzigo, na mkubwa atakayeivunja awajibike yeye. Na yule aliyekwisha kuumia akitumikia ofisi ya umma apatiwe haki yake, nayo iandikwe kwenye karatasi kama ilivyoandikwa taa ya pikipiki iliyopasuka.

Sote tuliopitia vyuoni tunakijua kisa cha yule aliyemjia Mtume kuuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, naye akaelekezwa kufunga kwanza, kisha kutegemea. Tulikisoma tukiwa watoto, na baadhi yetu tulichapwa kwa kukisahau. Inasikitisha kwamba tukiwa watu wazima, wenye ofisi na magari, tumekigeuza: hatufungi, kisha tunategemea.

Visiwa hivi vimekwisha kulipa gharama isiyosemeka kwa kudharau mzigo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Hatusemi kwamba pikipiki ndani ya pikapu ni sawa na msiba ule. Tunasema kwamba mazoea yanayozaa misiba ni yale yale: kuona kwamba jana tulifika, basi na leo tutafika.

Tulipomtembelea kijana yule kwao, tulimkuta amekaa barazani, mguu umefungwa plasta. Hakumlaumu mtu. Alituambia tu kwamba aliishikilia pikipiki kwa nguvu zake zote. Hatuna shaka kwamba alifanya hivyo. Kosa ni la waliomtaka afanye kazi ya mikanda minne, na kosa hilo linaweza kurekebishwa wiki hii, kabla meli inayofuata haijashusha mizigo.